Kitako cha Kompyuta Kutoka Buyenzi

Asubuhi ile tulikuwa watatu nyumbani, mtaa wa Kinama: mimi Josiane, mdogo wangu Diane, na kitinda mimba wetu Fabrice. Ndio tuliobaki tangu wazazi wafariki. Niliondoka kwa sababu Diane alitakiwa kutetea kazi yake ya mwisho chuoni kabla ya adhuhuri, na kompyuta haikuwaka.

Kompyuta yetu ni kisanduku kama kipande cha sabuni. Hubadilishiwa kitako, yaani kifaa kinachochomekwa chini yake, kulingana na kazi: kimoja huendesha cherehani yangu ya kudarizi, kingine, chenye kioo na betri, ni cha kusomea. Hicho cha kusomea ndicho kilichokufa. Diane akatangulia chuoni na kisanduku, nami nikapanda basi kutafuta kitako. Nyumba za mtaa wa Ngagara zilipita dirishani, nami nikiomba kimoyomoyo.

Niliposhuka Buyenzi, nilikimbia hadi gereji ya Baba Hamisi, rafiki wa marehemu baba. Yeye ana kitako kinene cha mpira, cha kupimia magari, nacho pia kina kioo na betri.

"Baba Hamisi, niazime kitako chako!"

Hakugeuka. "We mutoto, uliamukia hapa? Apana. Rudi mulangoni, uanze na salamu."

Nikarudi. Nikasalimu, nikaulizwa habari za wadogo zangu, nikanywa chai iliyonichoma ulimi. Ndipo akasema, "Haya, leta shida."

Nikaeleza. Mteja ambaye gari lake lilikuwa limefunguliwa akanung'unika, "Na gari yangu?"

"Gari yako haina mutihani leo," Baba Hamisi akamjibu, akichomoa kitako garini.

Chuoni, Mutanga Sud, Diane alisimama mlangoni, macho mekundu. Tulichomeka kisanduku, michoro yake yote ikatokea. Profesa akanusa.

"Mbona kunanuka mafuta ya gari?"

"Ni dada yangu, Profesa. Ametoka gereji."

Waliokuwamo wakacheka, na Diane akaanza. Mimi niliyeacha shule mapema ili hawa wasome, sikuelewa nusu ya maelezo yake. Lakini sauti yake haikutetemeka, na alifaulu.

Jioni tulirudisha kitako sote watatu. Nimejifunza kuketi kwanza hata nikiwa na haraka: kwa chai ile Baba Hamisi alitaka kujua kama nimekuja kwake au kwa kitako chake.

Nilipouliza nimlipe nini, alisema, "Siku Zaina ataolewa, we utadarizi nguo yake."

Zaina, binti yake, akadakia kutoka jikoni, "Na mi sina haraka!"

Basi deni hilo bado ninalo.