Ukurasa Alioukwepa Blandina

Blandina aliolewa na mtu aliyeandika kitabu kimoja maishani, na kitabu hicho kimoja hakuwahi kukisoma. Watu wa Ilford, kitongoji cha London walikoishi, waliolijua jambo hili walidhani ni dharau ya mke kwa mumewe. Tusiwalaumu, majumbani mwetu wapo wengi wasiosoma hata barua za benki. Lakini Blandina alikuwa msomaji mzuri, na alichokikwepa kilikuwa ukurasa mmoja tu.

Mwaka 1983, huko Songea, binti yao wa pekee, Generosa, alilazwa kwa malaria. Alikuwa na miaka sita. Asubuhi ya siku ya nne aliomba uji wenye sukari, na sukari mwaka ule haikuonekana ila kwa kupanga foleni. Blandina alimwacha mtoto na baba yake, akaenda kwenye duka la ushirika. Aliporudi saa sita mchana na kilo yake moja, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Asiyekuwepo na lake halipo, na Blandina hata la kulia hakuwa nalo. Hakulia siku ya mazishi wala baadaye. Aliingiwa na ganzi, nayo ikamfaa, akaishi nayo.

Thadei, mumewe, wakati ule mwalimu wa shule ya msingi, alilia kwenye karatasi. Miaka miwili baadaye riwaya yake ilitoka, nyembamba, habari za mtoto anayefia hospitalini. Jina la Generosa hakuliweka, lakini nani angedanganyika? Blandina aliamini kwamba mahali fulani mle ndani mtoto anamwita mama yake, mama hayupo, na mumewe ameliandika hilo ili kila mtu alisome. Kwa hiyo hakusoma, na kuuliza hakuuliza.

Walihamia London mwaka 1994. Thadei akawa mlinzi wa jengo la ofisi. Blandina alipata kazi ya kutunza wazee huko Stanmore, safari ya treni mbili kila alfajiri. Aliwaogesha, akawalisha, na walipokata roho aliwafumba macho, kisha akaenda kunywa chai yake. Wenzake walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Hawakujua wanachokisifu.

Mwaka 2007 watengeneza filamu wa Dar es Salaam walipiga simu kukiomba kitabu, na Thadei akakitoa kwa furaha ya bwana harusi. CD ilipofika kwa Sesilia, mwenye duka la unga na dagaa pale Ilford, watu walijazana sebuleni kwa Thadei na Blandina Jumapili baada ya misa. Na filamu yenyewe, jamani. Yule mwalimu maskini wa kitabuni amekuwa tajiri mwenye gari kubwa kama nyumba. Mtoto anapelekwa India, anapona, anarudi, na muziki unapigwa dakika kumi nzima. Wageni walipiga makofi. Sesilia alifuta machozi.

Thadei alisubiri mpaka wote walipoondoka.

"Wameniua," alisema. "Kitabuni mtoto anakufa. Hicho ndicho kitabu chenyewe. Hawa wametunga uongo."

"Watu wamefurahi," alisema Blandina, akikusanya sahani.

"Wamefurahi kwa sababu hawajasoma. Hata wewe hujasoma."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia hivyo. Blandina aliweka sahani chini, akaenda chumbani, akakitoa kitabu kabatini na kukaa kitandani. Filamu ilikuwa imempita bila kumgusa, akadhani na kitabu kitampita vivyo hivyo. Jua la Julai lilikuwa bado dirishani alipoufikia ukurasa wake.

Mtoto alifia mikononi mwa mama. Mama alikuwa akimwimbia. Foleni haikuwepo, duka halikuwepo, na sukari haikutajwa popote. Alisoma mara mbili, kisha akarudi sebuleni na kitabu mkononi.

"Wao wamemponya," alisema. "Na wewe umeniweka pale."

Thadei alikitazama kitabu, si mkewe. "Nilijua utakisoma. Nilidhani utakisoma mwaka uleule."

"Baba Generosa." Jina hilo lilikuwa halijatamkwa kati yao tangu Songea. "Alisema nini?"

"Alikuwa usingizini. Hakusema kitu."

Alijibu upesi, na jibu lilikuwa limenyooka mno. Blandina alikuwa ametoka kusoma kurasa tisini za mtu huyu, akajua sasa anavyotunga.

"Usinitungie."

Thadei alivua miwani. Akaishika mkononi.

"Alikuita," alisema.

"Mara ngapi?"

"Mpaka alipochoka."

Blandina aliketi. Neno lile lilimuuma. Tangu mwaka 1983 hakuna kitu kilichokuwa kimemuuma, na sasa hakujua mtu hufanya nini na maumivu, kwa hiyo alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili akaliacha liume.