Madaftari ya Bibi Aliyekwenda Ujiji

Wiki iliyopita tumemzika bibi mmoja huko Al Amerat, hapa nchi ya Waarabu tunakoishi. Enzi za Mwingereza alitoka Unguja na buibui lake na kasha moja, akazunguka bara peke yake hadi Ujiji, na kila alipolala akaandika aliyoyaona. Mimi mnanijua, safari yangu ndefu ni jikoni hadi barazani, ndiyo maana alipenda kunicheka. "Mwanangu," alinipigia simu, "safu nzima ya gazeti umeandika juu ya pazia! Nna madaftari saba ya safari zangu, njoo uyachukue uwasomee watu kitu." Nikasema inshallah, nikipata gari. Kutoka kwangu Ruwi ni kuvuka vilima tu. Miaka mitatu ikapita.

Siku ya tatu ya msiba, nimekaa na wanawake, nikasikia harufu ya karatasi inayoungua. Nilipotoka uani nilimkuta mjukuu wake, binti mpole aliyezaliwa hapa hapa, mwenye Kiswahili cha kuombea maji, ameinamia debe la moto. Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kila ukurasa aliufungua kwa Bismillahi. Binti aliliona jina la Mungu, yaliyofuata hakuyaelewa, akadhani ni dua za kale. Karatasi ya namna hiyo haitupwi jaani, huchomwa kwa heshima. Naye alichoma kwa heshima, na udhu juu.

"Wacha hilo!" nikapiga ukelele, wenye msiba wakatoka mbio.

"Khalti," binti akaniita mama mdogo kwa Kiarabu chake, "nimekosa nini? Si dua?"

"Dua gani! Sikiliza." Nikampokonya daftari lililokwisha shika moto, nikalizima kwa kanga yangu, nikasoma kwa kusuasua kama mtoto wa chuo cha Kurani: "'Mzungu mwenye boti akasema, mwanamke asiye na mume hapandi. Nikaikalia kamba yake. Nikamwambia, basi na boti haiondoki.'"

"Ndiye huyo huyo!" mdogo wa marehemu akacheka huku analia. "Endelea! Alipanda?"

Nikafunua. Ukurasa wa pili ulikuwa majivu.

Yamesalimika madaftari matatu. Binti simlaumu, alifuata adabu aliyofunzwa. Lawama ni ya aliyejua yale maandishi ni nini, akabaki nyumbani. Kama kwenu yupo mzee mwenye karatasi zake, nenda leo, akusomee kwa kinywa chake. Mimi kila anayeniuliza kama bibi alipanda ile boti, namjibu sijui. Aliyejua aliniita miaka mitatu.