Gunia la Shangazi Kwenye Mizani

Mtihani wa uzito niliufaulu kuliko mitihani mingine yote, na sikuona haya kujisifu. Katika masomo ya darasani, yale tunayosoma kabla ya kukabidhiwa usukani wa ndege, mawingu yalinitesa, sheria za anga zilinilaza usingizi, na ramani niliwahi kuishika kichwa chini mbele ya darasa zima. Lakini uzito ulikuwa hesabu tu. Unaandika mafuta, unaandika watu, unaandika mizigo na mahali ilipokaa, kisha unajumlisha. Ikizidi, huruki. Kipi hapo cha kumshinda mtoto wa Mtanda, pale Lindi mjini, aliyeanza kutumwa dukani kabla hajaanza shule?

Miezi michache baadaye mwalimu wangu alinipangia safari ya kwenda Lindi na kurudi Dar es Salaam, sisi wawili katika ndege ndogo ya viti viwili. Aliniambia wazi kwamba akiridhika, safari itakayofuata nitaifanya peke yangu. Ruhusa hiyo nilikuwa naiota. Nikampigia simu shangazi yangu wa Milola, aliyenilea tangu mama alipofariki, nikamwambia aje uwanjani anione nikitua nyumbani.

Kosa langu lilianzia hapo. Shangazi haendi mahali mikono mitupu.

Tulipotua Lindi alikuwa ndio anafika kwa bodaboda, amejifunga kanga mpya, na nyuma yake gunia limekazwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na korosho alizobangua mwenyewe, mbaazi na makopa ya muhogo. Juu ya gunia alikuwepo jogoo, ambaye aliamriwa kubaki kwenye bodaboda kabla salamu hazijaisha. Gunia nililipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikasema nilivyofundishwa: "Shangazi, mbona zito hivi! Umejitesa bure." Kwetu ndivyo mtu anavyoshukuru. Unaulalamikia uzito wa zawadi, na aliyeileta anafurahi. Shangazi alicheka mpaka pengo lake likaonekana.

Kuipima zawadi mbele ya aliyeileta, hilo hatufanyi. Na kwa shangazi mizani ilikuwa kitu cha msimu wa korosho, siku zote ya mnunuzi, namba zimeelekea upande asioweza kuziona. Nilijua akiniona napima gunia lake ataumia. Basi nikalibeba hadi kwenye ndege, nikalisukumia nyuma ya viti, nikaandika kwenye karatasi: mizigo, kilo kumi na mbili. Nafasi niliyobakiwa nayo ilikuwa kilo kumi na tano. Hesabu ikakaa vizuri sana.

Mwalimu, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno machache, aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Nimekusikia ukimwambia shangazi yako gunia ni zito."

"Ni adabu tu, mwalimu."

"Na hii kumi na mbili, nayo ni adabu?"

Nilinyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Leo rubani ni wewe," alisema. "Mimi abiria." Akaenda kusimama kwenye kivuli cha bawa.

Nilimkasirikia sana. Angeniambia tu nilipime, lawama ingekuwa yake na mimi ningebaki mtoto mwema. Ilikuwa saa saba mchana na jua limetuwakia utosini. Nilijua kwamba hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, injini inapungukiwa nguvu, mabawa nayo yanapata shida kuinyanyua ndege, na uwanja unakuwa mfupi. Nilijua kwamba mzigo mzito nyuma unaharibu mizania ya ndege, na pua inaweza kunyanyuka usivyotaka. Yote hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri kwenye mtihani. Ila hakuna swali hata moja lililokuwa na shangazi ndani yake.

Nikalitoa gunia, nikalipeleka kwenye mizani ya mizigo pale mlangoni mwa jengo la uwanja. Kilo ishirini na sita.

"Unanipima?" Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Napima ndege, shangazi."

"Ndege ile pale. Hili gunia langu."

Nilimweleza habari ya joto, ya mafuta, ya uzito wa mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachutama, akalifungua gunia. "Haya, chukua unachokitaka," akasema, na uso akaugeuzia upande mwingine. Nikachukua korosho peke yake. Mbaazi na makopa vilirudi kwenye bodaboda, na yeye akaondoka navyo bila kungoja kuniona nikiruka.

Hata bila mbaazi na makopa yale, ndege ilikimbia muda mrefu kuliko nilivyopenda, na mikorosho ya mwisho wa uwanja niliiona kwa karibu mno. Niliwaza zile kilo kumi na moja za ziada. Machozi yalinitoka mpaka tulipofika juu ya Kilwa. Mwalimu aliangalia visiwa. Tulipotua Dar alinisainia ruhusa yangu, nami sikuhisi furaha niliyoitarajia.

Kwa wiki kadhaa shangazi alipokea simu zangu kwa neno moja moja. Sijambo, salama, haya.

Siku ya safari yangu ya peke yangu nilimpigia tena, nikiamini hatakuja. Nilipozima injini uwanjani Lindi nilimwona amesimama kando ya mizani, na juu ya mizani kifurushi kidogo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, kisha akasema, "Soma."

Niliigeuza mizani ili asome yeye. Kilo nne. Aliziangalia namba zile kwa muda, midomo ikimchezacheza, halafu akakiondoa kifurushi na kupanda mwenyewe.

"Shangazi, bado siruhusiwi kubeba abiria."

"Ukiruhusiwa je? Utaniandikia kilo za kukisia?"

Alikuwa amevua ndala. Akashuka, akazivaa, akapanda tena, akasimama wima ameshika mkono wangu.

"Andika," akasema. "Na ndala zangu."