Firigisi ya Baba Rehema

Jamani, leo nimeumbuliwa mbele ya mkwe wangu.

Kisa firigisi!

Rehema, binti yetu, kaja hapa Mlabani na mumewe na kitoto chao. Nikapika jogoo. Firigisi nikampa mkwe, si ndiyo heshima ya mwanamume?

Rehema akaitoa kwenye sahani ya mumewe, akamkatia mtoto.

Mume wangu akacheka. "Zoea, baba. Yangu ilikwenda mwaka tisini na sita, huyo mkeo alipoanza kutafuna. Na mama yake naye akaenda nayo hukohuko kwa mtoto."

Nikamuuliza, "Sasa si ungesema, Baba Rehema?"

"Nilisema. Ukaniambia shii, mtoto kalala."

Nyie mnaojua ndoa, nimjibu nini?

Mwenyewe yuko uani, anamung'unya shingo kama siku zote.