Taa iliyokula batri ya misioni

Miaka ya mwisho kabla ya uhuru nilikuwa shofere wa misioni moja katika vilima vya Masisi, upande wa Karuba. Gari letu lilikuwa limezeekea mikononi mwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na Padri alilinunua likiwa tayari linakohoa. Nililipenda. Kila Jumamosi nililiosha gari kwanza, kisha nikajiosha mimi, na mke wangu alilisimulia jambo hilo kwa ndugu zake wote wa Kibabi.

Shida yake ilikuwa batri. Jioni ilikuwa nzima kabisa, asubuhi imekufa. Nilikuwa nikibonyeza demarere, kile kitufe cha kuwashia, injini inasema "kaa" kama kuku anayekohoa, kisha kimya. Manivela, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini, ilikuwa imemvunja mkono shofere aliyenitangulia, na Padri alikuwa ameifungia stoo pamoja na divai ya misa. Basi tulikuwa tukiliegesha gari mtelemkoni, na wanaume waliotoka misa ya asubuhi walilisukuma.

Walisukuma kwa litania. Mmoja alitaja jina la mtakatifu, wengine wakajibu "utuombee" na kusukuma kwa pamoja. Kwa kawaida injini iliwaka katikati ya mitume. Kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya mtume gani hasa. Wengi walisimama na Andrea. Mimi nilijua kwamba Andrea anaangukia pale kilima kinapoinama zaidi, lakini nilinyamaza, kwa sababu walikuwa wakisukuma kwa imani.

Siku moja Padri aliniita.

"Shofere, usiku unapeleka wapi gari yangu?"

"Padri, hata kama ningetaka kuipeleka, nani angenisukuma?"

Hakucheka. Jumamosi ile tulipaswa kwenda Walikale, ambako watu walikuwa wakingoja ubatizo. Barabara ya kule inaingia porini, na porini hakuna mtelemko wala wakristu wa kusukuma. Padri alisema kwamba gari lisipowaka lenyewe Jumamosi asubuhi, ataomba shofere mwingine kutoka Bukavu, na mimi nitarudi kulima maharage. Maharage si aibu. Wazazi wangu walitulea kwa maharage na muhogo, na Mungu hakutunyima kitu. Lakini mke wangu alikuwa anaitwa Mama Shofere, hata na mama yake mzazi. Ningemwambia nini?

Habari ilienea, na kila mtu akaleta dawa. Mama mmoja alisema ni baridi ya vilima, nifunike batri kwa blanketi. Blanketi tulikuwa nalo moja. Usiku ule batri ililala vizuri, mimi na mke wangu tukatetemeka, na asubuhi batri ilikuwa imekufa ikiwa na joto. Halafu akaja mchungaji wa ng'ombe kutoka Burungu.

"Hii iko inanyonywa," alisema. "Ngombe ikikosa maziwa asubuhi, unajua mutoto yake alipita kwa mama usiku."

"Sasa nifanye nini, Papa?" nilimwuliza, maana kwetu kila mzee ni Papa.

"Kama vile tunafanya kwa ngombe. Pakaa mavi kwa chuchu. Mutoto akionja, anaacha."

Nilipaka. Namwomba Mungu anisamehe, nilipaka vichwa vyote viwili vya batri, nikavipaka vizuri. Padri alipoingia garini aliuliza kama nimekanyaga kitu.

Hata hivyo, neno la yule mchungaji halikunitoka. Kama batri inanyonywa, kuna mnyonyaji. Fundi mmoja wa Goma aliwahi kunionyesha namna ya kumtafuta. Baada ya misa nilizima kila kitu na kufunga milango yote. Nikachomoa waya mnene kwenye kichwa cha batri, nikaugusisha tena polepole. Cheche ikaruka. Gari lililozimwa kabisa halipaswi kutoa cheche. Kitu kilikuwa kinakunywa.

Nikaanza kutoa nyaya nyembamba, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nikarudi kugusisha. Nikatoa waya wa honi, na cheche ikabaki. Nikatoa waya wa taa za mbele, bado. Nikafika kwenye waya mmoja mwembamba wenye nguo nyekundu, na nilipouchomoa, cheche ikafa. Nikaufuata kwa kidole mpaka kwenye kile kisanduku kidogo mbele ya kiti cha Padri. Mwanzoni hata sikujua kwamba kina taa. Nikafungua. Ampuli ndogo ilikuwa inawaka mle ndani, ya moto kiasi cha kuniunguza. Kifuniko kikifungwa kinapaswa kukandamiza kibonyezo kidogo, na taa inazima. Lakini mtu alikuwa amekizuia kile kibonyezo kisishuke, kwa jani kavu la mtende, lile la Jumapili ya Matawi, alilolikunja na kulifunga kwa uzi. Na chini ya taa, juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kulikuwa na kikopo kidogo cha mviringo kinachong'aa.

Nikatoa jani. Nikashukuru. Nikamwambia Padri gari limepona.

Kesho yake batri ilikuwa imekufa, na wasukumaji wakafurahi. Padri alinitazama tu, akasema, "Kesho njo Jumamosi." Kweli, kesho ndiyo ilikuwa siku ya Walikale. Nikafungua kisanduku. Jani lilikuwa limerudi, na safari hii fundo lilikuwa mara mbili.

Wasukumaji walipolirudisha gari mahali pake, nilijificha nyuma ya ukuta wa sakristia. Haikuchukua muda. Alikuja mzee wetu wa sakristia, mwenye nywele nyeupe, aliyefundishwa na mapadri wa kwanza kabisa. Alikuwa na kitambaa kipya mkononi. Mbele ya mlango wa gari akapiga goti, kwenye majani yenye umande, ndipo akafungua.

Nilimwendea. "Papa, unafanya nini?"

"Shii! Usipige kelele mbele yake."

"Mbele ya nani?"

Akaonyesha kikopo kwa kidevu. Kisha akanikazia macho. "Kumbe njo wewe unazimaka taa? Mimi nilisema iko panya. Kumbe iko mukristu!"

"Papa, hii taa njo inakula batri. Kesho watanifukuza kazi!"

"Wewe watakufukuza kazi. Mimi watanifukuza mbinguni."

Ndipo nikaelewa. Padri alipowapelekea wagonjwa komunyo, aliibeba katika kikopo cha namna ile. Mzee alikuwa amekiona kimebaki garini, na kwa mafundisho yetu, Bwana haachwi gizani. Kanisani taa yake haizimwi usiku wala mchana.

"Lakini ulifungua, ukaangalia kama iko kitu ndani?"

"Kwa mukono gani? Huu wa kukamata jembe?"

"Basi ungeuliza Padri."

"Niulize Padri kama amesahau Mungu ndani ya mutuka? Wewe ulilelewa wapi, mutoto?"

Hapo nilianza kuogopa mimi pia. Nilikuwa nimezima taa ile kwa mkono wenye harufu ya ng'ombe. Nikapiga magoti kando yake. Wasukumaji walipotuona wawili tumepiga magoti mbele ya gari, walidhani ni njia mpya ya kuliwasha, wakaja wakapiga magoti nyuma yetu.

Hivyo ndivyo Padri alivyotukuta.

"Nini tena?"

Nilimfikiria Mama Shofere, nikasema yote. Nilipofika kwenye kikopo, uso wa Padri ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akainama, akakitoa, akakifungua mbele yetu sote.

Kilikuwa cha tumbako ya kunusa. Upepo ukapeperusha kidogo, na msukumaji mmoja akapiga chafya.

"Tangu Pasaka," alisema mzee taratibu. "Tangu Pasaka ninamuwashia."

Padri alikuwa ameiacha tumbako wakati wa Kwaresima, na alikificha kikopo mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Alimshika mzee mkono, akamwinua. "Papa, unisamehe."

"Si neno, Padri," mzee akajibu, akikunja kitambaa chake. "Lakini hii nitaifua mara mbili."

Siku ile nililiendesha gari mpaka jioni ili batri ishibe. Jumamosi asubuhi mke wangu alisimama uani na mikono kichwani. Nikabonyeza demarere, na injini ikawaka mara moja, kwa sauti nzito, wakati wasukumaji wakiwa bado wanakunja mikono ya mashati.

Tulivipita vilima, miti mikubwa ikaanza kutufunika, ndipo Padri akaniita.

"Shofere."

"Padri."

"Bukavu nilikuwa nimeshaomba muntu. Nitawaambia asije."

"Asante, Padri."

Akatia mkono mfukoni kutafuta kikopo cha tumbako, akamkumbuka mzee na taa yake, akauacha mkono mlemle. Mimi niliitazama barabara, maana kulikuwa na matope mbele.