Misumari Mdomoni

Sogeeni karibu, hili halisimuliwi kwa kelele.

Fundi paa wa mtaani kwetu tulimwita Misumari, kwa kuwa kazini mdomo wake haukukosa misumari. Aliibana kwa midomo, mikono ikishika nyundo na mbao, basi maneno yake yakawa machoni. Mkewe ndiye aliyekuwa msaidizi wake, akisimama chini na kumtazama. Macho yakipanda: ndiyo, lete. Yakishuka: subiri kwanza. Wameezeka mapaa mangapi hivyo!

Asubuhi moja Misumari akaanguka akivaa viatu. Hospitalini akalala siku kadhaa kama gogo: hasemi, hainui hata kidole, macho wazi yanatazama dari. Siku hiyo mimi jirani nilikuwa nimepeleka shuka.

"Shemeji, tujikaze," mdogo wake Misumari alimwambia mke, pale pale kitandani. "Kaka ameshatuacha, imebaki pumzi tu. Ile nyundo yake nitaichukua mimi."

"We mtu! Mwenyewe bado anapumua!"

Daktari aliyekuwa kitanda cha pili akageuka. "Msimzike bado. Mshipa umeziba kwenye shina la ubongo, huku nyuma, juu ya shingo. Amri za mwili hupita hapo, na za kugeuza macho kulia na kushoto pia. Zimekatika. Lakini amri ya kupandisha na kushusha macho hutoka juu zaidi. Mara chache sana, mtu hubakiwa na hiyo tu. Mama, msemeshe wewe."

Mke akamwinamia. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa juu.

"Baba watoto, upo?"

Macho yakapanda, polepole, kama mtu anayekwea ngazi na mzigo begani.

Mtu mzima, na akili zake zote, alikuwa mle ndani siku zote tulizokuwa tukimlilia!

Mke akamwinamia zaidi. "Nimpe mdogo wako nyundo?"

Macho yakashuka puu.

Yule mdogo wake akashika ukuta. "Kaka... kumbe umesikia yote?"

Yakapanda.

"Basi nisamehe, kaka yangu."

Yakashuka. Subiri kwanza.

Mke akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akavuta kiti, akakipandisha juu ya matofali manne aliyoyatoa uani, akakaa pale macho ya mumewe yalipoweza kumfikia.