Mama yangu hawezi kuongea, lakini mchoro wake ulichaguliwa kwenye maonyesho Butiama. Wangu ulikataliwa

Habari zenu wakuu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sina haja ya kukitia chumvi.

Mimi nachoraga mabango ya maduka hapa Iringo, Musoma. Mama alikuwa analima Bugwema mpaka alipopigwa na stroke. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakakata. Nikamleta kwangu.

Alikuwa anasikia na kuelewa kila kitu, ulimi tu ndio uligoma. Siku moja alitaka kitu. Tukaleta uji, maji, shuka, yeye anatikisa kichwa mpaka machozi yanamtoka.

Nikampa karatasi na penseli. Kwa mkono wa kushoto akachora sato. Kumbe hamu ya samaki!

Toka hapo akawa hashikiki, anachora tu.

Sasa likatoka tangazo la maonyesho Butiama. Kazi za karatasi peke yake, majaji wanachuja, na mshindi anapewa zawadi. Nikaandaa simba wangu wa penseli, yaani kila unywele unauona.

Mke wangu akasema, "Baba Eliza, na ya mama je?"

Kulikuwa na mchoro wake mmoja, mwanamke anaogesha mtoto kwenye beseni. Mistari inatetemeka, kichwa cha mtoto kikubwa kupita kiasi. Nikamuuliza mama, "Niupeleke?" Akaitikia kwa kichwa.

Majibu yakaja. Simba nje, mama ndani.

Nisiwadanganye, iliniuma. Ila nilipomwambia mama, alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mimi nikajikuta nacheka.

Siku ya ufunguzi tulikodi gari. Mke wangu alimsuka, akamvalisha kitenge kipya. Pale ukumbini watu wakawa wanasema mama kakumbuka alivyolea wanae. Hata mimi nilijua yule kwenye beseni ni mimi.

Jaji mmoja, dada wa makamo, akachuchumaa mbele ya wheelchair.

"Shikamoo mama. Huyu anayeogesha ni nani?"

Mama akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha mke wangu.

"Na mtoto?"

Akajigusa kifuani.

Wakuu, kumbe! Mke wangu ndiye aliyekuwa anamuogesha kila asubuhi, na hajawahi kusikia asante, maana mama hana namna ya kuitamka. Alipiga magoti pale pale, akamlalia mapajani. "Mama jamani. Mama." Mama anampapasa kichwa, taratibu.

Zawadi ilienda kwa mchoraji wa Bunda, na kwa kweli alistahili.

Nilichojifunza ni kwamba aliyenyamaza bado ana mengi ya kusema, ni wewe umtafutie njia. Na nyie mnaouguza wakwe na wazazi bila kushukuriwa, msikate tamaa. Huenda asante ipo, imekosa mdomo tu.

Wenye mgonjwa kama huyu nyumbani, mnaongeaga naye vipi? Semeni hapo chini, nasoma zote.